Kwa Mawakili Wapya wa Mashauri ya Ndoa: Anzeni na Hati ya Baraza

Wakili anayeanza kazi nchini Tanzania huwa na hamu ya kusikiliza kisa cha mteja hadi mwisho, nani alimtelekeza nani na nyumba ilijengwa kwa fedha za nani, ilhali kinachoamua kama maombi ya talaka yatasikilizwa au yatatupwa ni hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu ambacho sote tulikizoea kama cha 101, inakataza kufungua maombi hayo kabla mgogoro haujafikishwa barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa.

Isomeni hati hiyo neno kwa neno. Mara nyingi mteja huleta barua yenye mhuri wa kata inayosema tu kwamba wahusika "wanaletwa mahakamani kwa hatua zaidi". Barua ya namna hiyo si hati, kwa sababu haisemi popote kwamba usuluhishi umeshindikana, na Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha talaka iliyotolewa bila hati halali, baada ya wahusika kupita ngazi zote za chini. Angalieni pia tarehe, kwa kuwa hati isizidi miezi sita tangu ilipotolewa hadi siku ya kufungua maombi. Mteja aliyekwenda barazani mwaka juzi, wakarudiana, kisha wakakosana tena, arudi barazani, hata akinung'unika. Sheria imeweka misamaha, kwa mfano pale mwenzi alipotoroka na hajulikani aliko, au alipoitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika, lakini msamaha huelezwa ndani ya maombi na kuthibitishwa kwa ushahidi. Hakimu hawezi kuukisia.

Jambo la pili ni kutosoma sheria kwa kitabu kimoja. Kifungu kilichoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019, lakini aliyefungua kitabu peke yake aliendelea kwa miaka kadhaa kukutana na maneno yaleyale ya zamani. Aidha, Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la Mwaka 2023, zilianza kutumika Julai 2025, na katika baadhi ya sheria vifungu vimebadilika namba. Msinakili namba kutoka kwenye hati za zamani za ofisi (tabia iliyozoeleka mno) kabla ya kuzilinganisha na toleo jipya.

Taratibu za mahakama nazo zimesogea. Kanuni za mwaka 2018 zilileta ufunguaji wa mashauri kwa njia ya kielektroniki, marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na mwaka huohuo Dar es Salaam ikapata Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Kwa maoni yangu, badiliko la lugha ndilo lenye uzito zaidi kwa mteja wa kawaida, maana sasa anaweza kuyasoma maombi yake mwenyewe na kuwasahihisha ninyi mawakili kabla hayajawasilishwa.

Kuhusu mali, kila mteja huja na madai ya nusu kwa nusu. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, ila kiwango cha mchango lazima kithibitishwe. Mwambieni mteja mapema akusanye hati za kiwanja, stakabadhi za saruji na mabati, na majina ya mafundi walio tayari kutoa ushahidi, kwa sababu kinachokosekana wakati wa kusikilizwa ni vigumu sana kukiingiza kwenye rufaa.