Siki moja, majibu tofauti

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wanapima kiasi cha asidi katika siki ya chupa moja, kwa kuidondoshea besi hadi asidi iishe, na kila kundi linapata jibu lake. Ningeanza na kiashiria, yaani rangi inayoonyesha asidi imeisha. Kama mmetumia methili oranji, tatizo liko hapo: asidi ya siki ni dhaifu, na rangi hiyo inageuka polepole kwenye pH 3 hadi 4, kabla asidi haijaisha. Tumieni kiashiria cha fenoftalini, kinachogeuka asidi ikishaisha. Zimueni siki kwa maji mara 10. 25 cm³ zake, kama ni ya asilimia 5, zitahitaji takriban 21 cm³ za besi, sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Na tafadhali, bureti, ile mirija yenye vipimo ya kudondoshea besi, waisuuze wao wenyewe, wamalizie kwa myeyusho wa besi hiyo. Maji yakibaki ndani yanaizimua besi, na ujazo unaosomwa unapanda.