Klasi dhahania au intafesi? Majibu kwa wasomaji

Mwalimu, klasi dhahania na intafesi, zote mbili huwezi kuziundia kitu (object) moja kwa moja. Sasa tofauti iko wapi? (Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu)

Iko kwenye data. Klasi dhahania, yaani kiolezo cha vitu ambacho hakijakamilika, hutunza data ya kila kitu na ina konstrakta yake (sehemu inayokiandaa kitu kinapoundwa). Intafesi ya lugha ya programu ya Java, yaani orodha ya kazi ambazo klasi inaahidi kuzifanya, haitunzi. Kigeu (jina linaloshika thamani) utakachoandika humo hakibadiliki, na ni kimoja kwa vitu vyote.

Chukua programu ya duka la pale Ibanda linalopokea M-Pesa, Airtel Money na pesa taslimu. Sehemu ya mauzo inataka kujua jambo moja tu: hiki kinaweza kulipa? Basi iandikie intafesi, Malipo, yenye metodi (kazi) iitwayo lipa. Ila njia mbili za simu zinabeba namba ya mteja, na zote zinahakiki salio, zinakata pesa, kisha zinatoa risiti. Hapo ndipo klasi dhahania MalipoYaSimu inapofaa: inatunza namba, inapanga hatua, na ile ya kukata pesa inaachwa wazi kila mtandao uijaze. Pesa taslimu usiiingize humo. Haina namba ya simu, na utajikuta unaiandikia namba ya uongo. Msimbo wa namna hiyo unaniuma, maana anayekuja kuurekebisha ni mtu mwingine.

Tangu Java 8 intafesi zina metodi zenye mwili (maagizo ya kazi yenyewe). Klasi dhahania bado ya nini? (Himbi, Goma)

Java 8 ilitoka Machi 2014, na sababu ilikuwa ya lazima: watengenezaji wa Java waliongeza metodi kama sort, ya kupanga, kwenye List, intafesi ya orodha. Bila mwili tayari, kila klasi ya watu iliyotekeleza List ingekataliwa na kompaila (programu inayotafsiri msimbo). Data bado haikuruhusiwa. Hata Java yenyewe inatumia zote: List ni intafesi, AbstractList ni klasi dhahania. Ukitaka orodha ya kusoma tu, rithi AbstractList, andika get na size, mengine umeshapewa.

Intafesi mbili zikileta metodi ileile, kila moja na mwili wake? (Kamalondo, Lubumbashi)

Kompaila inagoma mpaka uiandike upya ndani ya klasi yako.

Nianze na ipi, kaka? (Ibanda, Bukavu)

Intafesi, dada. Katika Java klasi ina mzazi mmoja tu, lakini inaweza kutekeleza intafesi nyingi. Nafasi ya mzazi usiigawe mapema. Subiri uone klasi mbili zinarudia data na hatua zilezile.