Kabla Hujatoa Pesa: Maswali Yenu ya Magitaa na Amplifaya

Nimepata gitaa la umeme la mtumba. Muuzaji anataka tukutane stendi tumalizane hapohapo. Nikague nini? (Mwanza)

Stendi hapana. Mwambie mkutane penye umeme na amplifaya, hata kama ni ya kuazima. Nenda na waya wa gitaa ambao unajua ni mzima, rula ya chuma, simu yenye programu ya kutyuni, na bisibisi ndogo. Dakika ishirini zinatosha.

Anza na shingo. Pikapu mbovu hubadilishwa (tunasema ile sumaku chini ya nyuzi, si gari), nobu hubadilishwa, jeki (tundu la kuchomekea waya) hubadilishwa kwa pesa ya soda. Shingo iliyojisokota kama kamba hairudi. Lichungulie gitaa kama seremala anavyochungulia ubao: jicho liwe kwenye kichwa cha gitaa, utazame kingo mbili za shingo mpaka zinapoingia tumboni. Ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukashuka, mshukuru muuzaji na uage.

Kama imenyooka, bana uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na, kwa mkono mwingine, kwenye freti ya mwisho. Sasa tazama freti ya 7. Kati yake na uzi panatakiwa pawe na upenyo mdogo sana, milimita 0.2 hadi 0.3, karibu na unene wa kadi ya biashara. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imebinukia nyuma, na nyuzi zitakoroma kwenye freti za mwanzo. Sarafu ikipita, shingo imevutwa mbele. Hali zote mbili hutibika kwa trasirodi, kile chuma kinachopita ndani ya shingo, ilimradi nati yake bado inazunguka na tundu la ufunguo halijalika. Mwombe muuzaji mwenyewe aizungushe robo mzunguko mbele yako, kisha airudishe. Akigoma, hesabu kwamba imekufa na uongee bei kwa hesabu hiyo.

Pima urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa gitaa la umeme, milimita 1.5 hadi 2 ni vizuri. Ukikuta 3, usiogope kabla ya kuangalia kama vipande vya daraja (kile chuma cha tumboni nyuzi zinapokalia) bado vina nafasi ya kushuka. Vikiwa tayari viko chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, tatizo liko kwenye pembe ya shingo, na hiyo ni kazi ya fundi.

Piga kila freti ya kila uzi, moja moja, polepole. Ndiyo, zote. Freti moja iliyoinuka huua noti za jirani yake, na mtu anayekupigia sebene ya harakaharaka ili usikie gitaa "linavyolia" hataigusa hiyo noti. Tazama pia chini ya uzi wa kwanza na wa pili kwenye freti tatu za mwanzo: mifereji iliyochimbika huko haiponi kwa kubadili nyuzi. Midogo hupigwa msasa. Ikishafika nusu ya kimo cha freti, ni kuzing'oa na kuweka nyingine, na kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya gitaa la kawaida.

Freti ya 12 ina kipimo kingine. Gusa uzi juu yake bila kuubana upate ile sauti ya kengele, kisha ubane kabisa. Noti mbili zisome sawa kwenye simu. Ya kubana ikiwa juu, kipande cha daraja kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Nyuzi zenye kutu hudanganya kwenye kipimo hiki, kwa hiyo usilihukumu gitaa kwa nyuzi za mwaka juzi.

Geuza kichwa cha gitaa utazame nyuma yake, pale shingo inapoanza. Pitisha ukucha. Ufa mwembamba kama unywele au rangi isiyolingana maana yake lilianguka likaunganishwa. Gundi nzuri hushika, ila bei haiwezi kuwa ya gitaa zima.

Umeme uwe wa mwisho. Zungusha kila nobu, badili swichi, gonga kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi usikie kama iko hai. Nobu ikikwaruza, dawa ya kusafisha kontakti na kuizungusha mara 30 kwa kawaida hutosha, usilipe wala usikatae gitaa kwa ajili hiyo.

Kaka yangu yuko Marekani, ananitumia amplifaya yake. Nikinunua adapta ya plagi si inatosha? (Dodoma)

Haitoshi, na hapa ndipo amplifaya nyingi za ndugu zetu zinapofia. Kile kiplastiki cha adapta hubadilisha umbo la miguu tu. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230, Kenya 240. Ukichomeka, fyuzi ikikatika una bahati. Kisha anakuja mjuaji anafunga karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi, na safari hii inaungua transfoma.

Mwambie kaka apige picha mgongo wa amplifaya kabla ya kuifunga. Kuna mambo matatu yanaweza kuandikwa pale.

Ikiwa ni "100–240V", chomeka bila wasiwasi. Ikiwa kuna swichi ya 115/230, igeuze iwe 230 kabla ya kuchomeka, na usome thamani ya fyuzi: kwa volti mara mbili, mkondo ni nusu, kwa hiyo yenye fyuzi ya ampea 4 kule itahitaji ya 2 huku. Ikiwa imeandikwa 120V tu, unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Angalia wati za matumizi zilizoandikwa karibu na waya wa umeme, siyo wati za sauti zilizopambwa mbele. Amplifaya ya valvu (ile ya mirija ya kioo) ya wati 50 za sauti inaweza kula 150 au zaidi. Chukua transfoma yenye uwezo wa karibu mara mbili ya hayo matumizi, na uhakikishe waya wake wa ethi (ule wa usalama unaokwenda ardhini) unapita mpaka upande wa pili.

Soma pia herzi. "50/60Hz" ni salama. "60Hz" peke yake maana yake transfoma ya ndani itachemka zaidi kwenye umeme wetu wa 50, hata ukishashusha volti. Na kama kifaa kimetoka Japani, kule ni volti 100, hivyo transfoma inayoshusha hadi 110 itakuwa inakizidishia.

Baadhi ya amplifaya zina nyaya za 230 zilizokunjwa ndani bila kutumika, na fundi anaweza kuziunganisha ukaepuka mzigo wa transfoma ya nje. Awe fundi kweli. Kapasita (vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme) za amplifaya ya valvu hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi.

Nikigusa maiki kwa mdomo huku nimeshika gitaa, napigwa shoti. Mpiga kinanda anasema ni kawaida. (Kisumu)

Si kawaida, na watu wamekufa hivyo. Acha kutumia vifaa hivyo mpaka uelewe shoti inatoka wapi.

Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya amplifaya, na kichwa cha maiki kimeungana na mixa. Kama moja ya hivyo viwili haina ethi, mwili wako ndio unakuwa waya kati yao. Sababu kubwa tunayoikuta kumbini ni ile plagi ya miguu miwili iliyoingizwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kifuniko cha kalamu. Sababu ya pili ni ekstensheni yenye matundu matatu lakini ndani ina nyaya mbili.

Weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki, wewe usiguse. Isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu. Fundi umeme akague soketi, kisha amplifaya na mixa vyote vichukue umeme kwenye soketi moja yenye ethi inayofanya kazi. Asiukate mguu wa ethi "kuondoa mvumo".

Kuhusu mvumo wenyewe: ukishika nyuzi ukapungua, gitaa liko sawa, ni pikapu za koili moja zinazoudaka. Ukishika ukaongezeka, anza na ethi ya soketi, kisha waya unaokwenda kwenye daraja.

Mwanangu wa miaka tisa anataka gitaa. Nimeambiwa ninunue kubwa ili akue nalo. (Mama, Moshi)

Mama, kukua nalo ni kwa viatu. Mnunulie saizi ya robo tatu, la nyuzi za nailoni, vidole visimuume wiki ya kwanza akaliacha. Nyuzi zikikatika asije mtu akamfungia za chuma. Seti ya nailoni huvuta takribani kilo 40, ya chuma huweza kufika 70, na daraja la gitaa hilo litang'oka.

Kanisa letu lina watu kama 150. Tununue amplifaya ya wati 50 au 100, na besi ipite humohumo? (Mombasa)

Tofauti ya 50 na 100 ni desibeli 3, sikio huisikia kidogo tu. Kwa sauti safi ya sifa au ya dansi, wati 50 zenye spika ya inchi 12 zinatosha, na siku ya umati weka maiki mbele ya spika uipeleke kwenye mixa. Pesa iliyobaki nunua ya besi, kwa sababu besi haipiti humo. Uzi mnene wa besi hutoa herzi 41, wa gitaa 82, na koni (ile karatasi ya mbele) ya spika ya gitaa haikuundwa kwenda mbele na nyuma kiasi hicho. Hulegea, kisha huchanika.

Kama mnanunua ya mtumba, toeni wavu, sukumeni koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imepinda. Kwa mita, spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7, hilo lisiwatishe.

Gibson Les Paul kwa bei ya simu ya kawaida. Ni yenyewe? (Arusha)

Sivyo. Gibson za umeme huundwa Marekani, na nyuma ya kichwa huandikwa hivyo. Kile kifuniko cha kichwani chenye umbo la kengele, kinachofunika nati ya trasirodi, kina skrubu mbili; nyingi za bandia zina tatu, na ndani yake tundu la pembe sita badala ya nati ya shaba. Epiphone na Squier ni kitu kingine, ni chapa halali za Gibson na Fender.

Nataka kupiga mi-solo (lile gitaa la kati ya solo na ridhimu kwenye muziki wa Kongo) lakini nina gitaa moja la kawaida. (Lubumbashi)

Toa uzi wa nne, weka mahali pake uzi mwembamba wa 0.010, uukaze kwenye re ya oktavu ya juu. Hiyo re iko chini ya mi ya uzi wa kwanza, kwa hiyo hautakatika. Ukilegea kwenye ule mfereji mpana wa uzi wa zamani kwenye kizingiti (kile kipande chenye mifereji shingo inapokutana na kichwa) na kulia kama nzi, kipande cha karatasi chini yake kitausaidia hadi upate kizingiti kingine.