Mwanangu, Tusimsingizie Mungu Kura Zetu

Kwako mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi katika Bwana. Mama yako na mimi hatujambo.

Barua yako nimeisoma, nikampa mama yako naye akaisoma. Unasema Jumapili iliyofuata maandamano ya Juni 25, 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, mchungaji wenu alifungua Warumi 13, akafundisha kwamba viongozi huwekwa na Mungu na anayewapinga anampinga Mungu. Wewe ulikuwa umetoka barabarani siku chache tu, na vijana wenzenu waliopigwa risasi walikuwa hata hawajazikwa. Tangu hapo hujatulia kanisani. Sasa Wakenya wanajiandaa kwa uchaguzi wa 2027, nawe unaniuliza: "Baba, kama Mungu ndiye huchagua, mimi naenda kupiga kura ya nini? Na nikimpinga aliyeshinda, ninatenda dhambi?"

Hutendi dhambi. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Kuisoma Warumi 13 si kosa, ila kuna kuisoma ukaishia mstari wa pili. Mstari wa nne unamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako. Mtumishi ana kazi aliyotumwa, na asipoifanya huulizwa. Kisha soma 1 Samweli 8. Wazee wa Israeli wanataka mfalme. Mungu anamwambia Samweli awakubalie, lakini kwanza awaonye: atawachukua wana wenu, atatwaa mashamba yenu na mizabibu yenu, atatoza sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Wakasema tunamtaka hivyo hivyo, wakapewa. Mungu aliruhusu, ila ombi lilikuwa lao.

Mimi uchaguzi wetu huutazama hivyo. Kwamba Mungu yu juu ya yote naliamini kwa moyo wote. Lakini kidole kilichochovywa kwenye wino ni changu. Nikipokea mia mbili ya mgombea nimpigie kura, kisha zahanati ikae bila dawa miaka mitano, kusema "ni mapenzi ya Mungu" ni kumsingizia. Ndiyo maana sipendi kusikia, kila baada ya uchaguzi, upande ulioshinda ukisema Mungu ameamua na ulioshindwa ukisema ni kazi ya shetani. Tulipiga sisi, wakahesabu wenzetu.

Na huko kwenye kuhesabu ndiko imani yangu imekutana na siasa zaidi ya mahali pengine popote. Unakumbuka nilivyokuwa nikisimamia kituo pale shuleni. Kituo kikishafungwa, sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala, kila karatasi inakunjuliwa, inainuliwa juu waione, jina linatajwa. Usiku umeshaenda, macho yanauma, chai imepoa. Ndipo wakala mmoja, mtu tunayeabudu naye, ananong'ona: "Mwalimu, hizi kura mbili zilizokataliwa tumpe tu mtu wetu, nani atajua?" Nilizirudisha kwenye fungu lake, nikaandika Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ilivyo, wakatia sahihi, nikabandika nakala mlangoni. Amri ya kutomshuhudia jirani yako uongo haikuandikwa kwa ajili ya mahakama peke yake. Jirani ni pamoja na yule aliyempigia mtu nisiyempenda.

Kwa hiyo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipofuta uchaguzi wa urais, sikuuliza nani amenufaika. Maraga ni mzee wa kanisa la Waadventista, na msimamo wake wa kutofanya kazi siku ya Sabato alikuwa ameueleza hadharani. Yeye na wenzake wengi katika jopo walisema matokeo hayakupeperushwa kama sheria inavyotaka, basi. Mwaka wa 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, mwenye kutaka kujumlisha akajumlisha. Hayo, mwanangu, nayaona kuwa mambo ya kiroho kabisa, hata kama hakuna aliyeyaimbia pambio.

Wewe ulikuwa mdogo mwaka wa 2008, lakini nataka ulijue hili vizuri. Matokeo ya urais yalitangazwa Desemba 30, 2007. Januari 1, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Waliochoma na waliochomwa, wengi walikuwa wamebatizwa. Februari viongozi wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, walitoka wakakiri wazi kwamba walishindwa kuikabili hali kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Waumini walikuwa wamewasikia maaskofu wao wakati wa kampeni, wakajua kila mmoja yuko wapi. Ghasia zilipofika, hakubaki wa kuaminiwa na pande zote mbili.

Kwetu Nakuru watu waliokimbia makwao walijaa uwanja wa maonyesho. Mama yako na akina mama wa ushirika walikuwa wakipika githeri kwenye sufuria kubwa za harusi. Siku moja mama mmoja wa kwetu, kijiko mkononi, alimwangalia msichana aliyefika na sahani akauliza, "Huyu ni wa wapi?" Mama mzee aliyekuwa akichochea moto hakuinua hata kichwa: "Mjazie." Hakuongeza neno. Mafundisho yote ya Kikristo kuhusu uchaguzi niliyosikia tangu wakati huo nayapima kwa lile neno moja.

Usidhani basi nakuambia kanisa likae kimya. Nimeliona likisema. Siku za mlolongo, tulipopanga foleni nyuma ya mgombea mchana kweupe na mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi, waliosema huo ni wizi walikuwa akina Askofu Okullu, Askofu Gitari, Mchungaji Njoya. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri, hadharani, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Alikufa kwenye ajali ya barabarani akirudi, Agosti 14, 1990. Hao hawakuwa wakimpigia mtu kampeni, na ndiyo maana sauti zao zilikuwa na uzito. Mhubiri aliyepokea bahasha Jumapili hawezi kusema hivyo Jumatatu. Nilifurahi Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit alipowanyima wanasiasa kipaza sauti katika ibada za Kianglikana, na tena Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alipokataa pesa ambazo Rais alikuwa ametoa kwa parokia ya Soweto, jijini humo. Makanisa mengi hayajafika huko, na wewe unajua.

Tena kanisa likisema, si lazima liwe limepatia. Katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa walituhimiza tuikatae Katiba kwa sababu ya mahakama za Kadhi na suala la uavyaji mimba. Nilisali, nikaisoma yote, nikapiga Ndiyo, na askofu wangu alijua. Ilipita kwa takriban theluthi mbili. Kifungu cha 37 kilichokupa haki ya kuandamana kwa amani kimo humo humo, na leo maaskofu wanaokemea utekaji nyara wa vijana husimama juu ya Katiba hiyo hiyo. Siwasemi vibaya; mahakama za Kadhi zipo, na sijaona zikimzuia Mkristo kwenda ibadani. Nataka tu ujue kwamba unaweza kumheshimu kiongozi wako wa kanisa na bado ukapiga kura kwa dhamiri yako.

Umeuliza pia kama utaweza kumwombea Rais usiyemtaka. Timotheo aliagizwa kuwaombea wafalme wakati mfalme mwenyewe hakumjua Kristo. Mimi humwombea aliyeko kwa jina, na huomba vitu vinavyotajika: asipende kusifiwa, asiogope kuambiwa ukweli, polisi wake wasiue. Ukiomba hivyo unaweza kutoka kanisani ukaenda kuandamana bila kujipinga. Ila usirushe jiwe, na usimtukane mtu kwa kabila lake, hata kwenye simu, hata kwa utani.

Kuhusu kuhama kanisa, ngoja kidogo. Mwendee mchungaji katikati ya wiki, si Jumapili akiwa na haraka, ukamwambie ulikuwa barabarani siku ile na ukamtajie uliyoyaona. Huenda hajui kwamba waumini wake walikuwa huko. Mwulize atahubiri nini Jumapili ya kwanza baada ya Agosti 2027, ikiwa nusu ya waumini wanashangilia na nusu wamevimba macho. Akikujibu, niandikie alivyosema. Na kitambulisho chako kipya kimefika kwa chifu. Nitakitumia kwa matatu ya Jumamosi ili ukajiandikishe.

Ni mimi baba yako