Zawadi ya mtoto anayechora viwanja vya bembea

Salaam dada. Umesema kijana wako wa miaka 10 kutwa anachora bembea na vigari vya kuteleza (vile vinavyopanda na kushuka vilima kwenye reli, roller coaster), na bajeti haizidi 30,000. Kwanza angalia: anachora tu, au anajenga pia?

Wangu, hapa Chang'ombe, nilimnunulia toi la plastiki, siku ya tatu likawa uvunguni. Kilichomkamata ni boksi nililojaza mwenyewe: daftari la grafu, futi kamba, gundi ya mbao, gololi, na mabua makavu ya mtama kutoka Bahi. Aliyapasua akaunda reli, gololi ikawa kigari. Ikawa inakwama kilima cha pili! Nilimwacha ahangaike jioni mbili hadi akagundua kilima cha kwanza lazima kiwe kirefu kuliko vyote, maana msuguano unakula mwendo njia nzima. Vigari vingi vya kweli huenda hivyohivyo.

Ukibakiwa na hela, fundi redio atakupa mota ya redio kaseti mbovu. Atengeneze gurudumu la bembea, lile refu linalozunguka na watu. Mwambie lile la kwanza la mhandisi George Ferris, Chicago, Marekani, 1893, lilikuwa na kimo cha takriban mita 80. Kisu cha kupasulia mabua kaa nacho wewe.