Mkeo haringi, mwanangu. Uji ule nani aliupika?

*"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume wa miaka 38, naishi Mombasa. Nimeoa mwaka wa 9 huu na tuna binti mmoja wa miaka 6. Mke wangu alikuwa mgonjwa-mgonjwa, damu kidogo kila wakati, na mimba mbili ziliharibika. Miaka 2 iliyopita akaambiwa ana maradhi ya siliaki, asile ngano maisha yake yote. Tangu hapo nyumba haina raha. Chapati hakuna, mahamri hakuna, ana mwiko wake na sufuria zake ambazo hatuzigusi. Kwa mamangu haji mpaka abebe hotpoti yake. Ramadhani iliyopita tulialikwa futari, akakaa mbele ya sinia akala tende na maji, watu wote wanamtazama. Binamu zangu wanamwita mzungu. Mikate yake maalumu ya supamaketi inanifilisi. Nina shaka na maradhi yenyewe, maana siku moja alikula uji wenye ngano bila kujua na hakufa. Mamangu anaonelea nioe mke wa pili anayekula kama watu. Mtoto naye ni mdogo wa umbo, hanenepi, nahisi mamake anamnyima chakula. Nifanyeje? Mume Aliyechoka."*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa miaka 2 bila chapati. Pole ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimeletewa kesi ya mwanamke mwenye maringo. Mara ya pili nikakwama kwenye uji. Mara ya tatu niliiweka kando nikaenda kuteleka chai, maana nilikwisha kasirika.

"Alikula bila kujua." Yeye hakujua, haya. Wewe ulijuaje? Uji haujitii ngano wenyewe. Kuna mkono uliofungua kopo, ukachota unga, ukautia sufuriani, ukakoroga taratibu usifanye madonge, ukamimina bakulini na kumpelekea mwanamke pale alipokaa. Tena naapa siku nyingine humpikii uji. Siku ile alifurahi, akadhani mume kamwonea huruma. Nawe ukakaa pembeni unamtazama kama mtu aliyetega panya.

Hukuandika "nilimpa". Umeandika "alikula". Kazi hii ya kusoma barua za waume imenifundisha kwamba mwanamume akikosea, mambo hujitenda yenyewe: sahani ilivunjika, pesa ziliisha, mke alikula. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mkeo kilikuwa kimevaa kikoi na kubeba bakuli.

Na hilo la "hakufa" nalo tulitazame. Siliaki si sumu ya panya ikuangushe papo hapo. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka ikaushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba kwa ndani umesimama vinyama vidogo vidogo kama manyoya ya taulo jipya, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa hulala, taulo likabaki kitambaa kitupu. Mtu anakula na chakula kinampitia tu. Mmoja ataharisha na kujaa tumbo, mwingine hata tumbo halimuumi ila damu haipandi, mifupa inadhoofu, uzazi unasumbua. Utumbo unaweza kuumia mtu akiwa anacheka na wewe mezani. Kwa hiyo kumtazama usoni baada ya bakuli la uji hakukuonyeshi kitu.

Unataka kujua kiasi gani kinadhuru? Chakula kikiandikwa hakina gluteni, kanuni za kimataifa za vyakula, ziitwazo Codex, zinataka gluteni isizidi miligramu 20 katika kila kilo. Kijiko kimoja cha unga wa ngano kina mamia ya miligramu. Hesabu mwenyewe ulimtilia vijiko vingapi.

Jaribio lako, isitoshe, lilishafanyika zamani, na halikuhitaji kumdanganya mtu. Daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini kwao. Watu wanakufa kwa njaa, na watoto wake wenye siliaki wanapata nafuu! Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Mwaka 1950 akayaandika yote katika tasnifu yake. Swali lako lilijibiwa wewe hujazaliwa.

Ila kilichoniuma zaidi si uji. Nimehesabu: chapati, mahamri, hotpoti na mikate umeviandikia mistari na mistari. Mimba mbili umezipa maneno matatu, "mimba mbili ziliharibika", kisha ukarukia chapati. Siliaki isiyojulikana wala kutibiwa ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuchangia mimba kuharibika. Simwambii mtu kwamba ndiyo sababu yenu, hilo ni la daktari. Nasema mwanamke aliyepoteza mimba mbili, akaja kuambiwa kuna chakula kinachomla mwili, hawezi kukichezea chakula hicho ili binamu zako wasicheke. Ungekuwa umezibeba wewe, hata barabara yenye duka la mikate usingepita.

Hao binamu wanaomwita mzungu, wapelekee habari hii. Watu wanaojulikana kuwa na siliaki kwa wingi kuliko wote waliowahi kupimwa duniani ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi. Waafrika, Waislamu, wanaofunga Ramadhani kama nyinyi. Huko Punjab nako, kwenye nchi ya chapati yenyewe, wagonjwa wamejaa. Ugonjwa huu unafuata damu ya ukoo na ngano iliyo sahanini, haujali rangi.

Sasa nije kwa mamako, na hapa nitamtetea, sikia vizuri. Katika barua yote hakuna mahali uliposema ulimkalisha mamako ukamweleza mkeo anaumwa nini. Hapana hata mahali pamoja. Umemwachia aone tu mkwe anaingia na hotpoti yake kwapani. Kwetu pwani mtu akija na chakula chake nyumbani kwako, maana yake ni moja na kila mtu anaijua: anaogopa utamtilia kitu. Mama wa watu amelibeba tusi hilo miaka 2, mbele ya mashemeji na majirani, na futari ameipika tangu saa nane mchana. Kumbe katika ukoo mzima aliyewahi kumtilia mtu kitu ni mwanawe wa kumzaa.

Ndiyo maana hilo la "mamangu anaonelea nioe" sijalimeza. Labda alisema. Labda ulilalamika wewe jikoni kwake wiki nzima, naye akasema neno la kumnyamazisha mtoto. Mwanamume akitaka mke wa pili na akaona haya, mama huwa ndiye mwenye shauri. Kuoa ni haki yako kwa sharti la uadilifu, na uadilifu wenyewe nimeuona kwenye bakuli.

Na nikiwa hapo, niseme na wengine. Zamani mume na mke wakikosana, jambo lilikwenda kwa somo, yule mama aliyemfunda mke, au kwa wazee wawili, likafia ukumbini. Leo mke akikataa sambusa magharibi, kufika isha picha yake imo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu aliye Dubai kashacheka, wifi aliye Muscat kashatoa hukumu, na mtu ambaye hata kwenye harusi hakuja anauliza "kwani mnamlea wa nini?" Kijana wa siku hizi simu yake ina nywila, siri ya mkewe haina hata pazia. Mnakopa kwa ajili ya kumbi, wapambaji na video ya harusi inayopigwa kutoka angani, halafu kazi ndogo ya kusimama mbele ya jamaa zenu na kusema "huyu anaumwa, mstahini" inawashinda. Mficha maradhi kilio humuumbua, na nyinyi mmeyaficha ya mke ili kulinda sifa za mume. Basi, nimemaliza, turudi kwako.

Mkeo naye simwachi. Kukaa mbele ya sinia la watu kimya, na tende mkononi, bila kumwambia mwenyeji neno, si adabu hata kama una cheti cha daktari. Angefika alasiri, akajifunga leso, akaingia jikoni na kusema, "Mama, mimi ngano inaniumiza, nipe kijungu kimoja niwapikie muhogo wa nazi." Mama mkwe gani angekataa? Lakini nadhani najua kwa nini hakusema. Alikuwa akikungoja wewe useme.

Mikate ya supamaketi inakufilisi? Acha kuinunua. Imekuja kwa meli na ladha yake kama boksi lake. Mtu wa pwani aliyekatazwa ngano hajakatazwa chakula. Wali wa nazi, sima ya mahindi, muhogo, ndizi mbichi za nazi, viazi vitamu, mbaazi, kunde, samaki wa kupaka, kuku, mayai, matunda yote. Asubuhi badala ya mahamri kuna vibibi na mkate wa sinia, wa mchele na nazi, mradi mpishi hajapunguza gharama kwa kuongeza unga wa ngano. Futari anayoiweza inajaza meza. Cha kukwepa ni chapati, mahamri, sambusa, kaimati, tambi, bokoboko, na urojo wa watu wanaouzitisha kwa ngano. Bizari na viungo vya unga vya kununua aulize vimechanganywa nini, na unga wa mahindi asisage kwenye kinu kinachosaga na ngano.

Ugumu haupo kwenye orodha, upo kwenye vyombo. Nilijifunza kwa aibu. Nilipata mgeni mwenye maradhi haya, nikajigamba nitamkirimu: bhajia za kunde, hazina hata chembe ya ngano. Nikazileta zinapwita moto. Akazitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi mkubwa, mafuta haya yalikaanga nini kabla?" Yalikaanga mahamri asubuhi ile. Chini ya karai unga ulikuwa umetua mweusi kama mchanga wa pwani wakati wa kupwa, na bhajia zangu zimeogelea humo humo. Akala ndizi mbivu na chai ya rangi, akanisifia chai. Tangu siku ile nimeelewa kwa nini mtu aweke mwiko wake. Mwiko wa mbao una nyufa, chekeche lina matundu, kibao cha chapati hakitakati. Sufuria ya chuma ikioshwa vizuri haina neno, lakini mwiko na chekeche awe na vyake. Hivyo unavyoviita "sufuria ambazo hatuzigusi" ndiyo dawa yake yote. Ya vidonge haipo. Na utumbo wa mtu mzima huchukua miezi, pengine miaka, kupona, mradi mtu asiurudishe nyuma kwa uji.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Mtoto.

Binti wa miaka 6, mdogo wa umbo, hanenepi, na mama yake ana siliaki. Umeyaandika mambo hayo matatu katika barua moja na ukaona kosa ni la mama! Duniani kwa jumla hukadiriwa mtu mmoja katika kila 100 ana maradhi haya. Kwa mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa hupanda, hata kufikia mmoja katika 10. Sijasema anayo. Nasema mtoto asiyekua lazima apimwe, na huyu ana sababu mbili. Wiki hii mpelekeni hospitali, mwambieni daktari wazi kwamba mama ana siliaki, na muombe kipimo cha damu cha siliaki. Na nyinyi wawili msimkatie ngano kabla ya kipimo: akiacha kuila, damu inaweza kuonekana safi na maradhi yakajificha. Mpaka siku hiyo, mwacheni ale mahamri yake kama kawaida. Kama ngano haimo ndani kwenu, bibi yake anayo, naye atafurahi kupata kazi.

Kabla ya hospitali, leo usiku, mwambie mkeo habari ya uji. Usitafute maneno mazuri. Sema "nilikupa". Atalia au atakunyamazia siku kadhaa, na vyote viwili ni halali yake. Ijumaa nenda naye kwa mamako, wewe ndiye utangulie kuingia, na wewe ndiye ueleze. Binamu mmoja akileta utani kwenye kundi, mjibu humo humo kundini, wakuone.

Kisha niandikieni tena. Lakini barua hiyo nataka aiandike mkeo.