Petroli Itoke Kwenye Beseni: Maswali Yenu Kuhusu Kuosha Spea Nyumbani

Mafundi wengi hapa Tanga tunafanyia kazi uani, na kila mtu ana beseni lake la kuoshea spea. Humo ndani ya beseni mna nini? Nimechagua maswali matano.

*Fundi, shikamoo. Mume wangu anatengeneza pikipiki uani, hapa Makorora. Spea anaziosha kwa petroli, hatua chache tu kutoka ninapopikia kwa mkaa. Nikimwambia, ananijibu mbona miaka yote haijawaka. Nimwambie nini?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie kinachowaka ni mvuke wa petroli, na mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa sakafuni na kufuata mteremko kama maji, na uani penye ukuta pande zote hauna pa kutokea. Ukikuta kaa la moto, moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye beseni, nayo mikono yake imo humo. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la Februari. Miaka yote hiyo upepo wa bahari umekuwa ukimsaidia, lakini ipo siku upepo utatulia. Tena petroli ina kemikali iitwayo benzini, inayosababisha saratani ya damu, nayo huingia mwilini kwa kuivuta na hata kwa ngozi. Asisubiri petroli iliyobaki iishe. Aiache leo.

*Basi nitumie mafuta ya taa au dizeli? Mimi ni wa bodaboda, Mikanjuni.*

Kwa kazi nyingi, mafuta ya taa. Yanakata grisi vizuri na yakikauka hayaachi utelezi mwingi. Hayashiki moto kirahisi kama petroli, maana mvuke wake huanza kuwa wa hatari kwenye nyuzi 38 hivi au zaidi, na dizeli huvuka 50. Ila 38 kwetu si mbali. Beseni jeusi likiachwa juani saa saba mchana linaweza kufika hapo, kwa hiyo kaa kivulini, penye hewa, mbali na jiko na mashine ya kuchomelea. Na usiyapulize kwa kompresa. Yakishakuwa ukungu huwaka hata yakiwa ya baridi.

Dizeli naiweka kwa vyuma vizito: sproketi, ekseli, gia. Huacha utando wa mafuta, na sisi tunaoishi na hewa ya chumvi utando huo unatufaa, kwa sababu chuma kilichooshwa kikavu hapa kinaanza kutu upesi. Lakini kabureta usiiguse kwa dizeli, utando huohuo utanasa vumbi kwenye vitundu vyake.

Najua mafuta ya taa si rahisi tena tangu ushuru wake ulipopandishwa mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, yaani kuyachanganya kwenye dizeli. Basi kwangua grisi kwanza kwa kijiti, osha kwenye beseni la mafuta machafu, kisha suuza kwenye kopo la mafuta safi. Jioni mimina yale machafu kwenye debe lenye mfuniko. Baada ya siku mbili uchafu umekaa chini, na ya juu unayachota tena.

*Nimeambiwa kostiki soda inang'arisha silinda hedi kuliko kitu chochote. Kweli?*

Kwa chuma cha pua au chuma cheusi inatoa grisi kweli. Kwa alumini, na silinda hedi nyingi za pikipiki ni alumini, usithubutu. Niliwahi kuletewa kabureta iliyolazwa usiku kucha kwenye maji ya kostiki. Nilipoitoa ilikuwa nyeusi, na nilipoifuta kwa kidole uso wake ulikwaruza, umejaa vishimo kama jiwe la matumbawe. Pale pa kukalia gasketi palikuwa pameliwa, na hakukuwa na namna ya kuiponya. Kostiki inapoila alumini hutoa mapovu ya haidrojeni, gesi inayowaka. Kama ni lazima uitumie kwa chuma, vaa glovu na miwani, na utie soda kwenye maji kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya soda.

*Sisi ni wavuvi wa Sahare. Mashine ya boti tukiiosha kwa mafuta ya taa, baada ya wiki kutu imerudi. Tunakosea wapi?*

Ndugu zangu, chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya taa. Mnatoa grisi, chumvi inabaki palepale chini yake. Anzeni na maji baridi ya bomba, mengi, kisha maji ya moto yenye sabuni ya unga na brashi, suuzeni tena. Kausheni siku hiyohiyo mpaka kwenye matundu ya boliti, halafu pakeni oili nyepesi. Mafuta ya taa yatumike tu pale grisi ilipogoma. Na wenye kutaka kuweka kapampu ka umeme ka tangi la samaki ndani ya beseni ili maji ya kuoshea yazunguke: kwa maji ya sabuni sawa, kwa mafuta hapana, hakakutengenezwa kwa kazi hiyo.

*Raba za breki nazioshea nini?*

Mafuta mapya ya breki, au spiriti. Mafuta ya taa, dizeli na petroli huzivimbisha, na raba iliyovimba hukwamisha breki barabarani.

Kuhusu tope jeusi linalobaki chini ya debe, maana wawili mmeuliza: liwekeni kwenye dumu pamoja na oili chafu, mfunike, mumpe anayekusanya oili chafu. Msimwage mtaroni. Mvua ya masika ikishuka, mtaro unalipeleka moja kwa moja baharini, kwenye mikoko wanakokulia kamba na kaa.